Ndoa ikiwa mkataba mtupu bila serikali, talaka itakuwaje? Uzi wa mshenga

Mshenga wa Temeke

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu. Mwenye ndugu anayetaka kuoa au kuolewa mwaka huu namwomba asome mpaka chini.

Nimekuwa mshenga mara sita. Barua za posa nimepeleka Mbagala, Kigogo, Kimara, na moja nilivuka nayo pantoni hadi Kigamboni. Kila safari nabeba kaunta buku ileile yenye jalada jeusi. Kila ndoa ina kurasa zake: mahari kiasi gani, kilemba cha baba, mkaja wa mama, blanketi la bibi, kifungua mlango, kilicholipwa, kilichobaki, tarehe, na chini sahihi za wazee wa pande zote mbili. Ndoa nne zinaendelea, namshukuru Mungu. Mbili zimevunjika, na mara zote mbili niliitwa nije na daftari.

Hiyo ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi. Tulikaa uani kwa wazazi wa mke, juu ya mkeka, wazee saba. Binti akaleta kopo la Blue Band akalimimina mbele yetu: risiti za saruji, nondo, mabati, mbao za kenchi, miaka tisa ya ujenzi wa nyumba ya Chanika. Karibu zote zina jina la mume, maana yeye ndiye aliyekuwa anakwenda dukani. Fedha nyingi zilitoka kwenye cherehani ya mke, na hilo hata mume hakulikana. Alichosema ni kwamba zilikuwa fedha za kusaidiana, hawakuwahi kukubaliana kujenga kwa ubia. Mzee mmoja akanigeukia: "Mshenga, fungua daftari. Waliandikiana nini?"

Nikafungua. Blanketi la bibi limo, na limelipwa. Kuhusu nyumba hakuna neno. Kuhusu watoto hakuna. Kuhusu kuachana hakuna. Siku ile tulisaini watu kumi na mmoja, mimi wa mwisho, na hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Tangu hapo nimekuwa nasoma kila ninachopata kuhusu mikataba ya ndoa, ndipo nikakutana na hoja za wanaoitwa walibertari. Hawa ni watu wanaotaka serikali ibaki na kazi ya kulinda mwili wa mtu na mali yake tu, na wengine wao hawaitaki kabisa. Kwenye ndoa wanasema hivi: serikali isisajili ndoa, isiamue ndoa ni nini, isiandike masharti ya talaka. Watu wazima wawili waandikiane mkataba wao, au wachukue uliokwisha andaliwa na msikiti, kanisa, ukoo au wakili. Humo humo wataje msuluhishi wa kuwaamua wakigombana. Talaka itakuwa vile walivyoandika.

Mara ya kwanza niliona ni wazimu wa Wazungu. Baadaye nikajiuliza: mimi na kaunta buku yangu ni nini basi? Mahari inadaiwa, inalipwa, inarudishwa, wazee wanaamua, na polisi hayupo. Nusu ya hicho wanachokiota tunakifanya kila Jumamosi pale Temeke.

Sasa kuna swali moja lililonikalia kichwani, nalo ndilo naona linabeba mengine yote. Je, mtu anaweza kuandika mkataba kwamba hatatoka kamwe? Kama mkataba ni mkataba, mbona isiwezekane?

Murray Rothbard, Mmarekani ambaye walibertari wengi wanamfuata, alisema haiwezekani. Mali unaweza kumkabidhi mwenzako ikawa yake moja kwa moja. Utashi wako huwezi kuutoa, kwa sababu kesho asubuhi bado ni wewe unayeamka nao. Kwa hiyo ahadi ya kubaki ndani ya ndoa haiwezi kulazimishwa kwa nguvu, ila mali iliyowekwa rehani juu ya ahadi hiyo inaweza kuhama. Ukitoka, mlango uko wazi, lakini kile mlichokubaliana kwamba anayetoka anakiacha, unakiacha.

Nilipofika hapo nikaona mahari kwa macho mapya. Tuseme mahari ni milioni nne, moja taslimu, tatu deni. Hizo tatu ndizo rehani yenyewe. Mume anayetaka kumtoa mke bila sababu anajua siku hiyo zinadaiwa. Babu zetu wa pwani walilijua hili bila kusoma kitabu cha Mmarekani yeyote. Sisi ndio tumeigeuza mahari ya deni kuwa maneno ya kusomwa siku ya ndoa, kisha hakuna anayeyakumbuka.

Na kuna jambo jingine kwenye historia yao ambalo sikuweza kulipita. Septemba 1886, kwenye mji mdogo wa Valley Falls, Kansas, Lillian Harman na Edwin Walker walifunga ndoa yao wenyewe bila kibali cha serikali na bila mchungaji. Bibi harusi hakuahidi kutii, na alibaki na jina lake. Baba yake akasema hamtoi binti yake kwa mtu, maana binti si mali yake. Wakakamatwa, wakafungwa, wakakataa kulipa gharama za kesi hivyo wakakaa ndani miezi. Walibertari wanawataja kama mashujaa. Maneno ya baba yale yalinigusa. Ila Lillian alikuwa na miaka 16, na Walker 37. Mkataba wa mtoto na mtu mzima mimi siuiti mkataba, hata kama umejaa maneno mazuri ya uhuru.

Hapo serikali yetu nayo haina la kujivunia. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliweka miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke. Sheria yetu ya Mikataba inataka mtu awe na miaka 18. Maana yake binti wa miaka 15 hawezi kujifunga kwa mkataba wa kununua pikipiki, lakini anaolewa. Ilibidi mwanaharakati Rebeca Gyumi aende Mahakama Kuu kuipinga miaka hiyo 15, akashinda 2016, serikali ikakata rufani, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikabaki upande wa Rebeca. Tungeichukua ndoa kama mkataba tangu mwanzo, jambo hilo lisingehitaji kesi.

Naomba mnipige mawe penye udhaifu. Naujua mmoja: watoto. Nataka kusikia mingine.

Bint Tandale

Mkuu heshima yako. Nimesoma na nimeumia kwa ajili ya huyo dada wa kopo.

Swali langu ni hili: mkataba wako unahesabu nini? Yeye alikuwa na cherehani, angalau fedha yake ilionekana. Mama yangu hakuwa na cherehani. Alifua, alipika, alilea sita, aliuguza mama mkwe miaka minne mpaka akamzika. Siku ya kuachana aliambiwa hakuleta hata tofali. Kama ingekuwa kila mtu na mkataba wake, angeandikiana nini na baba mwaka aliolewa, wakati hata kalamu alikuwa anashikishwa?

Najua kilichowasaidia wanawake kama yeye. Ni kesi ya Bi. Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani, 1983. Kabla yake majaji walikuwa wamegawanyika, wengine wakisema kazi ya nyumbani ni wajibu tu wa mke. Jaji Mkuu Nyalali na wenzake wakasema kazi hiyo ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Bi. Hawa mwenyewe hakupata alichodai, kwa sababu mume alishampa fedha za nyumba naye Bi. Hawa akazitumia vingine, lakini mlango ulifunguka kwa wengine wote. Hiyo ni serikali, mkuu. Haikuwa mkataba. Wazee wa mkekani wangeweza kukaa miaka mia bila kufika hapo.

Ustadhi wa Kibada

Assalaam alaykum. Ndugu mshenga umegusa kwetu. Nikaha ni mkataba: kuna kutoa na kukubali, kuna walii, mashahidi wawili, mahari. Hata kutoka kumewekewa njia. Mume ana talaka, mke ana khului kwa kurudisha mahari au watakachokubaliana, kisha kuna eda, matumizi na malezi.

Kuhusu masharti, muwe makini. Wengi wetu pwani tunafuata madhehebu ya Shafii. Kwa Shafii, mke akiweka sharti kwamba asiolewewe mke mwenza, ndoa inasimama lakini sharti halimfungi mume. Kwa Hanbali linafunga, na mume akilivunja mke ana haki ya kuomba ndoa ivunjwe. Kilicho wazi hata kwetu ni kuifungamanisha talaka na jambo. Mume anatamka mwenyewe kwamba akitoweka muda fulani bila kuacha matumizi, talaka imepita. Malaysia, nao ni Shafii, wanalichapisha kwenye karatasi za ndoa na mume analisoma kwa sauti. Hapa Dar nimefungisha ndoa nyingi. Waliowahi kuniuliza kuhusu hilo hawafiki idadi ya vidole vya mkono mmoja.

Mshenga wa Temeke

Bint Tandale, shikamoo yake mama. Hoja yako nimeibeba siku mbili kabla ya kujibu.

Nakubali kwamba wazee wasingefika pale ilipofika Mahakama ya Rufani. Nimekaa nao na mimi ni mmoja wao, nalijua hilo kwa aibu. Lakini tazama kilichotokea baadaye. Tangu 1983 sheria inasema kazi ya mama yako ni mchango. Je, mama aliipata?

Bint Tandale

Hapana. Ilichukua miaka mitatu kati ya baraza na mahakama, kisha akachoka. Baba akawa ameshauza kiwanja.

Mshenga wa Temeke

Pole sana dada yangu. Ndipo ninapopataka hapo. Haki iliyoko kwenye hukumu inamfikia mwenye nauli ya kuifuata. Ninachokitaka ni iandikwe mapema, siku ile wazee wamekaa, mwanamke ana baba, wajomba na mashangazi nyuma yake, na mwanamume bado anabembeleza. Siku ya posa mwanamke ana nguvu kuliko siku nyingine yoyote ya ndoa yake, na sisi washenga tunaitumia siku hiyo kujadili blanketi.

Kuhusu kazi isiyo na risiti: mkataba unaweza kusema sentensi moja tu, kwamba kila kitakachopatikana tangu leo ni nusu kwa nusu bila kuulizana nani alileta nini. Haihitaji mke ajue hesabu wala kuweka risiti kwenye kopo.

Kijana wa Ubungo

Mkuu mbona mnajisumbua? Sisi wa sogea tukae hatuna mkataba, hatuna mahari, hatuna cheti. Tukichokana kila mtu na begi lake. Huo si ndio uhuru wenyewe?

Mwanasheria wa Magomeni

Kijana, pole. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawachukulia kuwa mke na mume, inadhaniwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hata ikithibitishwa hamkuoana, mahakama bado inaweza kutoa amri za matunzo na mgawanyo. Begi lako linaweza kufunguliwa.

Mshenga, niongeze machache kwa sababu watu wanadhani sheria yetu inaukataa mkataba. Kifungu cha 58 kinasema ndoa haibadilishi umiliki wa mali ya yeyote, isipokuwa wenyewe wakikubaliana vingine. Maneno hayo yapo tangu 1971. Kifungu cha 59 kinazuia nyumba ya familia kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza. Cha 100 kinawazuia kudai talaka ndani ya miaka miwili ya mwanzo bila ruhusa ya mahakama. Cha 101 kinawataka mpite kwanza Baraza la Usuluhishi. Cha 114 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa kilichochumwa kwa juhudi za pamoja. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba waziri anaweza kulitambua baraza ambalo jamii fulani imejiundia yenyewe. Kwa hiyo msuluhishi wa kujichagulia ana kiti ndani ya sheria hii hii, ila talaka yenyewe inabaki kwa hakimu.

Hofu yangu iko kwa watu wa nje ya mkataba. Benki inayokopesha kwa nyumba ya Chanika itajuaje mmeandikiana nini? Mnunuzi wa kiwanja cha baba yake Bint Tandale angejuaje? Leo benki inadai sahihi ya mke kwa sababu sheria imeibana. Kila ndoa ikiwa na kanuni zake kwenye kaunta buku, anayeumia ni yule asiyeonyeshwa kaunta buku.

Mama Paroko wa Kawe

Naomba nichangie kama Mkatoliki. Jirani yangu alipewa talaka na mahakama ya serikali. Kanisani bado ni mke wa mtu, hawezi kufunga ndoa nyingine mpaka mahakama ya Kanisa iseme ile ya kwanza haikuwa ndoa halali tangu mwanzo. Mahakama hiyo haina polisi wala gereza, na watu wanaitii kwa sababu wamechagua kubaki ndani. Kwa hiyo ndoa mbili ndani ya ndoa moja tunazo tayari.

Ninachoogopa ni kitu kingine. Mkianza kuandika talaka kabla ya harusi, hamjaiita? Mama yangu angesema unachimba kaburi mgonjwa yuko hospitali.

Mshenga wa Temeke

Mama, shikamoo. Nimelifikiria sana hilo kwa sababu hata mke wangu aliniuliza vilevile. Ndoa mbili zilizovunjika mikononi mwangu hazikuwa na neno la talaka popote, na zimevunjika. Wanaotaka kujifunga zaidi nao wana nafasi: Louisiana kule Marekani tangu 1997 wanaooana wanachagua kati ya ndoa ya kawaida na ile ngumu, ambayo kabla ya kuingia mnapata nasaha, na kutoka humo kuna masharti mazito. Hakuna aliyelazimishwa kuchukua nyepesi. Mkatoliki angechukua yake na kuiheshimu.

Mwanasheria, kuhusu benki na mnunuzi nimeshindwa kukupinga. Ardhi ina mtu wa tatu siku zote. Nadhani mkataba unaogusa ardhi lazima uwekwe mahali ambapo yeyote anayenunua anaweza kuuona, na sijali anayelitunza daftari hilo ni serikali au chama.

Sasa watoto. Wilhelm von Humboldt, Mjerumani, alisema ndoa ivunjike kwa tamko la mmoja wao tu, basi. John Stuart Mill, Mwingereza, akamjibu mwaka 1859. Mill huyu ndiye aliyeandika 1851, kabla ya kumwoa Harriet Taylor, kwamba anazikataa haki zote ambazo sheria ya Uingereza ilikuwa inampa juu ya mwili na mali ya mke. Alikuwa mtu wa uhuru kwelikweli. Lakini alisema huwezi kumfanya mtu ajenge maisha yake juu ya ahadi yako, ukamletea duniani watu wapya, halafu uhesabu kama ni wewe peke yako unayetoka. Watoto hawakusaini.

Kwa hiyo mimi sikubali kifungu chochote kinachosema watoto watakwenda kwa nani. Mtoto si kitu cha kuandikiana. Matunzo waandike kima cha chini, kisichopunguzwa, kinachoweza kuongezwa. Atalala wapi waamue wakati huo, kwa kumtazama yeye, na wakishindwa pawepo mtu wa nje mwenye nguvu ya kuamua. Mlibertari safi atasema nimeirudisha serikali kwa mlango wa nyuma. Naikubali lawama hiyo.

Fundi Cherehani

Na nani atamlazimisha mwanaume alipe hiyo deni? Kijijini ukoo unamfuata. Hapa mtu anahama Mbagala anakwenda Kibaha, namba ya simu anabadilisha, kwisha.

Mshenga wa Temeke

Swali la msingi kabisa. Jibu nimelipata kwa mke wangu, yuko kwenye kikoba. Pale hakuna mtu anayekopa bila wadhamini wawili, na hisa zake ziko sandukuni. Akitoroka hisa zinaliwa, zikipungua wadhamini wanalipa, na wadhamini ndio wanaomtafuta Kibaha. Mkataba wa ndoa nao uwe na amana na wadhamini wenye majina, siyo "ukoo" kwa jumla. Mjomba anayetaka kukaa kiti cha mbele siku ya posa aweke sahihi kwamba atadaiwa.

Niwaambie nilikofikia. Mpwa wangu anaolewa na kijana wa Yombo. Jumapili tulikaa, na safari hii tuliandika kurasa tatu. Kila kitakachochumwa ni nusu kwa nusu. Risiti zote za ujenzi ziwe na majina mawili. Mahari ya deni imewekwa kiwango, na sehemu yake kijana ameanza kuiweka kikoba kwa jina la binti. Wasuluhishi watatu wametajwa, mmoja wao mwanamke, na hilo lilichukua saa nzima ya mabishano. Mwanasheria, nimeandika pia kwamba kiwanja chochote kitakachonunuliwa hati yake iwe na majina yote mawili, ili benki isihitaji kuona daftari.

Kifungu cha mwisho alikileta binti mwenyewe kwa mkono wake, kwenye karatasi ya daftari la shule: anayeondoka kwa hiari yake anaacha mahari, isipokuwa aliyepigwa, aliyepigwa anaondoka na haki zake zote siku ileile, bila kusubiri kikao. Kijana alisoma mara mbili akasaini wa kwanza. Baba yake hakusaini. Alisema hakatai, ila anataka akasome nyumbani na mkewe. Kaunta buku iko kwake tangu Jumapili.